Gundi Isiyoshika: Historia ya Behewa Moja la Plastiki

Mwalimu wetu wa Kiswahili alitupa kazi ya kuandika historia ya kitu kimoja kilichopo nyumbani. Wenzangu walichagua ngoma, mikeka, picha za arusi, na mmoja aliandika vizuri sana juu ya redio ya mama yake. Mimi nilichagua behewa la treni ya kuchezea, lenye urefu wa shubiri moja, kwa sababu wiki mbili kabla ya hapo nilikuwa nimelivunja.

Behewa hilo si letu. Limekaa chini ya kitanda cha babu yangu, ndani ya sanduku la bati, tangu mwaka 1972. Nyumbani tunamwita Jjajja, kama Waganda wote, lakini tukizungumza Kiswahili hutaka nimwite Babu, na Kiswahili chake ni cha reli: kimejaa shedi, spana, pointi na ribiti, na hakijui salamu ndefu. Alikijifunza kazini. Alianza kazi mwaka 1969 akiwa fundi msaidizi kwenye shedi ya injini ya Shirika la Reli la Afrika Mashariki hapa Kampala, akapewa chumba katika nyumba za reli kule Nsambya. Jirani yake alikuwa karani wa shedi, Mpunjabi, ambaye Babu hadi leo humtaja kwa jina moja tu: Karani.

Mwezi Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke nchini, akawapa siku 90. Karani aliondoka na mkewe na mwanawe wa miaka tisa. Mizigo waliyoruhusiwa ilikuwa michache, na mtoto alikuwa na treni ya umeme iliyotengenezwa Uingereza: injini moja, mabehewa matatu, stesheni ndogo, na vijitu vya plastiki laini vya kusimama kwenye jukwaa. Karani alilileta sanduku usiku, akamwambia Babu amshikie mpaka watakaporudi. Hawakurudi. Babu alihama Nsambya, akaoa, vita vikapita mara mbili mtaani kwetu, na sanduku likahama naye kila mara bila kufunguliwa na watoto. Hata baba yangu hakuruhusiwa kulichezea.

Mwaka huu barua ilifika kutoka Leicester. Yule mtoto sasa ni mzee, naye atakuja Kampala mwezi Desemba kuonana na Babu. Basi nikaambiwa nitoe vumbi. Nikalitoa vumbi, na behewa likaniponyoka.

Vilivunjika vitu viwili. Ukingo wa paa ulipasuka, na ile fremu ya magurudumu iliyo chini ya behewa, ambayo Babu huiita bogi, ilikatika pale inaposhikana na msumari wake. Juu ya hayo niligundua kwamba vijitu vya stesheni vilikuwa vimebanduka zamani kutoka kwenye jukwaa lao. Nilikwenda barabarani nikanunua kitubu cha supaglu, nikapaka kote, nikabana kwa vidole dakika tano. Paa lilishika kwa upotovu, kona moja juu ya nyingine. Bogi ilishika mpaka nilipoigeuza, ikaachia kwa mlio mdogo kama wa ukucha, na gundi ikabaki upande mmoja, ngumu na laini kama kioo. Vijitu havikushika hata kidogo. Kibaya kuliko vyote, asubuhi yake dirisha la behewa lililokuwa safi lilikuwa limetanda ukungu mweupe.

Babu aliliangalia dirisha, akalirudisha behewa mezani, akaenda nje kukaa. Hakusema neno. Ningependa angegomba.

Hapo ndipo swali la insha hii lilipotoka. Kwa nini gundi moja ishike kitu hiki, ikatae kile, na iharibu cha tatu, ilhali vyote vitatu tunaviita plastiki? Nilidhani ni swali la kemia. Limenipeleka kwenye historia zaidi ya nilivyotarajia.

Nilianza na beseni la maji, kwa ushauri wa rafiki anayesoma uhandisi. Plastiki za jamii ya polithini na polipropilini ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo huelea. Polistirini huzama taratibu, nailoni huzama, na asetali huzama kama kokoto. Ukikoroga chumvi hadi maji yasikubali tena kuiyeyusha, polistirini na nailoni hupanda juu, lakini asetali hubaki chini. Nilitia vipande vidogo vilivyovunjika. Kijitu kimoja kilielea katika maji ya kawaida. Kibanzi cha paa kilizama, kisha kikapanda kwenye maji ya chumvi. Kipande cha bogi kilikaa chini kote kuwili. PVC ya mabomba nayo hukaa chini, kwa hiyo nilikidondoshea gundi ya mafundi bomba, ambayo huilainisha PVC mara moja; kipande cha bogi hakikulainika. Vitu vitatu, basi, na kila kimoja kina kwao na umri wake.

Polistirini ndiyo kongwe kati ya hizo. Wajerumani walianza kuitengeneza kiwandani karibu na mwaka 1930, nayo ndiyo ikawa plastiki ya vitu vya kuchezea na vifaa vya kuunganisha nyumbani, kwa sababu humiminika vizuri katika kalibu na kutoa hata alama za ribiti zenye upana wa nywele. Sifa yake nyingine ni udhaifu ambao fundi huupenda: huyeyushwa na viyeyushi vingi. Ukiipaka kiyeyushi pande zote mbili na kuzikutanisha, pande hizo huchanganyika, na kiyeyushi kikiruka hubaki kipande kimoja. Hiyo si gundi hasa, ni kulehemu bila moto. Wenye treni za kuchezea huko Ulaya wamelitumia jambo hilo tangu zamani. Supaglu yangu haikuwa na kazi pale. Ilishika, lakini haikunipa muda wa kunyoosha kona.

Polithini ilitokea kwa ajali. Mwaka 1933, katika maabara ya kampuni ya ICI huko Winnington, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, Eric Fawcett na Reginald Gibson walibana gesi ya ethilini pamoja na kemikali nyingine kwa shinikizo kubwa sana, wakakuta chomboni kitu cheupe kama nta. Vita vya Pili vya Dunia vilikipa kazi: kilifunika nyaya za rada, kwa kuwa hakinywi maji wala hakipitishi umeme. Mwaka 1953 Karl Ziegler wa Ujerumani akapata njia ya kuitengeneza bila shinikizo lile kubwa, na mwaka uliofuata Giulio Natta wa Italia akapata polipropilini. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1963. Kutokana na kazi yao tuna jerikeni la manjano la lita 20, ambalo sidhani kama kuna nyumba Kampala isiyo nalo, pamoja na beseni, kiti cha plastiki na kizibo cha soda.

Polithini haishiki gundi kwa sababu ile ile inayoifanya ifae kwa maji. Uso wake haupendi kitu chochote. Dondosha maji juu yake, yatajikusanya na kuteleza kama kwenye jani la magimbi, na gundi hufanya vilevile: badala ya kutandaa na kuingia, hujikunja na kukauka peke yake. Hata rangi haishiki. Watoto wa Uingereza waliopaka rangi askari wadogo wa Airfix, walioanza kuuzwa mwaka 1959 na waliotengenezwa kwa polithini laini, waliona sare zikibanduka kwa mabamba.

Asetali ndiyo mdogo wao. Kampuni ya DuPont ya Marekani ilijenga kiwanda chake cha kwanza cha kuitengeneza mwaka 1960, ikaiita Delrin. Ni ngumu, ni telezi, haihitaji oili, na viyeyushi vya kawaida haviigusi. Ndiyo sababu hutumika kwenye magurudumu ya meno, zipu, na mahali ekseli ndogo inapozungukia. Aliyebuni bogi ya behewa letu alichagua vyema. Hakuwa na sababu ya kufikiri kwamba siku moja mjukuu wa mtu ataidondosha kwenye sakafu ya saruji.

Na supaglu yenyewe? Mwaka 1942 Harry Coover wa kampuni ya Kodak alikuwa akitafuta plastiki angavu ya kutengenezea vilenga shabaha vya bunduki. Akapata kemikali iliyonata kwenye kila ilichogusa, akaiacha. Mwaka 1951 mwenzake Fred Joyner aliitandaza kati ya vioo viwili vya chombo cha kupimia, na chombo hakikufunguka tena. Safari hii Coover alielewa alichonacho. Ilianza kuuzwa mwaka 1958. Huganda haraka kwa kutumia unyevu mdogo uliopo juu ya kitu, na wakati inaganda hutoa mvuke unaotua jirani na kuwa ukungu mweupe. Huo ndio uliotanda dirishani. Kitubu changu hakikuwa na kasoro. Mimi ndiye niliyepaka nyingi na kulifunga behewa ndani ya sanduku usiku kucha.

Historia hiyo yote iliandikwa Ulaya na Marekani, na nilikuwa karibu kuishia hapo. Lakini nilikuwa nikijiuliza jambo moja: tuna polithini Kampala kwa miongo mingi, na majerikeni hupasuka kila siku. Nani huyaunga, na kwa gundi gani?

Nilikwenda Katwe, mahali ambapo mtu wa Kampala akishindwa na kitu hukipeleka. Nilimkuta fundi ameketi juu ya kigoda na jiko la makaa mbele yake. Hakuwa na gundi hata ya kubandika karatasi. Alikuwa na kisu kizee na vipande vya majerikeni yaliyokwisha. Alipasha kisu moto, akakipitisha kwenye ufa hadi pande zote mbili zikalainika, akatia kipande cha plastiki ileile kama mtu anayelehemu anavyotia risasi, kisha akalainisha kwa mgongo wa kisu. Beseni lililofuata lilikuwa na ufa mrefu, na hilo alilitoboa matundu pande zote mbili kwa waya wa moto, akalishona kwa waya mwembamba kabla ya kuyeyusha. Nilimuuliza kwa nini hatumii gundi.

“Ssebo, hii haina gundi,” akasema. “Hii inajishika yenyewe, au unaifunga.”

Sentensi hiyo ina kila nilichosoma kwa wiki mbili. Plastiki isiyopenda kitu kingine hukubali kuungana na ndugu yake ikiwa moto, na ikikataa hata hivyo, hushonwa. Kushona vitu vigumu ni ufundi mzee sana kwetu. Kibuyu kilichopata ufa kilitobolewa kando na kushonwa kwa uzi wa mmea. Mabaka ya nguo ya magome ya mutuba, ambayo Waganda wanaiita lubugo, hushonwa namna hiyo. Pwani ya Waswahili walishona hata vyombo vya baharini: mtepe wa Lamu ulifungwa mbao kwa mbao kwa kamba za nazi, bila msumari wa chuma, na kitabu cha wasafiri wa Kigiriki cha karne ya kwanza, Periplus, tayari kinataja mashua za kushonwa katika bandari ya Rhapta. Sidai kwamba fundi wa Katwe alijifunza kutoka kwa mabaharia wa Lamu. Ninadai kwamba mtu asiye na gundi inayofaa huishia mahali pamoja, na kwamba si mahali duni kama nilivyofikiri nilipokuwa napita pale nikielekea dukani kununua supaglu.

Nilimsimulia Babu jioni ile. Kwa mara ya kwanza tangu siku ya dirisha alicheka. Akaniuliza kama nilifikiri Garratt lilibandikwa kwa gundi.

Garratt ni injini ya mvuke yenye mwili wa vipande vitatu: boila katikati, na seti ya magurudumu mbele na nyuma, ili iweze kupinda kwenye kona kali. Reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901 ilikuja kufika Kampala mwaka 1931, baada ya daraja la Jinja kuvuka Mto Nile, na mwaka 1956 ikafika Kasese kuchukua shaba ya Kilembe. Kwa njia hiyo nyembamba ya mita moja na milima yake, Garratt ndiyo iliyofaa. Zile za daraja la 60, zilizokuja mwaka 1953 na 1954, zilikuwa 29, na kila moja ilipewa jina la gavana wa kikoloni. Baadaye vibao vya majina vikang'olewa. Babu alipoanza kazi aliwakuta wazee wanaokumbuka jina la kila injini, ingawa injini yenyewe ilikuwa na namba tu. Kila kiungo pale, anasema, kilikuwa ribiti, bolti au pini. Kitu kinachotikisika hakibandikwi.

Kwa habari ya treni ya Karani ana lalamiko la muda mrefu: njia zake ni pana mno. Reli ya Uingereza ina upana wa milimita 1,435, yetu 1,000, na mtoto wa Nsambya alikuwa akichezea nchi ya watu wengine. Nilimwambia kwamba wapo wenye mchezo huo wanaotumia njia ya milimita 12 kuiga reli za mita moja. Akasema angewaheshimu zaidi hao.

Nikamuuliza pia ilikuwaje injini ikivunjika kabisa. Ilipelekwa Nairobi, akasema. Karakana kuu ilikuwa kule. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Uganda ilibaki na reli, injini na mafundi kama yeye, lakini bila karakana hiyo. Ya Nalukolongo ilijengwa baadaye. Katika miaka ya katikati walitengeneza wanavyoweza: walichonga pini wenyewe na kutoa kipuri kwenye injini moja kukitia nyingine. Nilikuwa nimesoma habari za mwaka 1977 darasani kama habari za marais watatu waliogombana. Sikuwahi kufikiri kwamba ilimaanisha mtu kusimama Kampala na bolti iliyokatika mkononi.

Sasa niseme nilivyochagua, kwa faida ya yeyote atakayekuwa na sanduku kama letu. Paa nililitenganisha polepole, nikakwangua supaglu kwa wembe na msasa laini. Kisha nilichukua kasha angavu la CD lililovunjika, ambalo ni polistirini, nikaloweka vibanzi vyake katika thina ya rangi hadi ikawa nzito kama asali. Nilijaribu kwanza upande wa ndani usioonekana, maana thina ikizidi hula kitu chote. Nikapaka kwa ncha ya kijiti cha meno, dirisha la chumba likiwa wazi, nikasubiri siku mbili. Ufa unaonekana ukiutafuta.

Vijitu vilinipa tabu ya kuchekesha. Viwanda vinavyochapa maandishi kwenye chupa za polithini huupitisha uso wake kwenye ndimi za moto kwa nukta moja, ili hewa iubadilishe na wino ushike. Nilifanya hivyo kwa kiberiti cha gesi, nikigusisha nyayo tu kwenye mwali wa buluu na kuondoa. Kipimo ni tone la maji: likitandaa badala ya kujikusanya, uso umekubali. Hapo nikatia Araldite, ile ya vitubu viwili, ambayo huganda polepole na hujaza pengo. Vijitu vitano vimesimama. Cha sita, bwana mwenye kofia, nilikishika vibaya, na sasa kofia yake imelala upande. Kwa wakazi wa Kampala hilo si ajabu kubwa.

Bogi nilimwachia Babu aamue. Zipo gundi za kisasa zilizobuniwa kwa plastiki kaidi, na vitangulizi vya kupaka kabla ya supaglu, lakini bei yake ilikuwa juu ya uwezo wangu, na nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya polithini na polipropilini hasa. Kisu cha moto nacho hakifai: asetali ikiungua hutoa moshi mkali wenye sumu. Babu aliishika chini ya taa, akasema neno moja, “Pini.”

Tuliazima kwa fundi wa simu keekee ndogo ya kutobolea bodi za umeme, ya milimita moja kasoro. Nilitoboa kwa kuizungusha kwa vidole, upande huu na upande huu, nikatia vipande viwili vya pini ya kushonea. Babu alikata ukanda wa bati kutoka kopo la maziwa, akauweka juu ya mvunjiko, tukaufunga kwa uzi wa shaba uliotoka katika waya wa simu. Nilipaka Araldite kidogo juu, baada ya kukwaruza kwa msasa, ili uzi usilegee. Uzito wote umebebwa na pini. Tulimaliza saa nne usiku. Alilisukuma behewa kwa kidole mezani, kwenda na kurudi, akitega sikio kama anasikiliza kitu ambacho mimi sikukisikia, kisha akaniambia nikaze uzi upande wa kushoto.

Dirisha nimelisugua kwa dawa ya meno na kitambaa laini kwa siku tatu. Ukungu uliotokana na mvuke umeondoka karibu wote. Limebaki doa moja, pale gundi yenyewe ilipogusa, ukubwa wa punje ya mchele. Nilijitolea kukata dirisha jipya kutoka kwenye kasha lile la CD. Babu alikataa. Anasema atamwonyesha mwana wa Karani doa hilo kwanza, kabla ya kitu kingine chochote, na kwamba nitakuwa nimekaa pale pale nikieleza.